“Sheikh, Hatukuoni”



Wasomaji wetu wa kila wiki huenda wakashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia mirathi, eda na malezi, leo ukizungumzia tamthilia ya Kimarekani ya msichana anayetoa nuru mikononi. Sisi wenyewe tumeshangaa. Tumekulia chuoni, mbele ya mwalimu aliyeiona hata redio kuwa upuuzi, na mpaka leo hatuna mazoea ya kukaa mbele ya runinga ila kwa taarifa ya habari. Lakini kisa kilichotupata usiku mmoja baada ya swala ya Isha kimetufunza jambo ambalo miaka mingi ya kusimama mbele ya maamuma haikutufunza. Kulificha si uungwana, hasa kwa kuwa wenye haki katika jambo hilo ni akina mama, na wao ndio wengi wanaousoma ukurasa huu.

Ulikuwa wakati wa likizo. Binti wa ndugu yetu, aishiye Toronto pamoja na wazazi wake, alikuja kututembelea. Baada ya chakula cha usiku wasichana walikusanyika ukumbini na mama yao, kompyuta ya mgeni ikawekwa juu ya meza, na vicheko vikaanza. Tulipotoka chumbani kuuliza kulikoni, yule mgeni wetu akasema, “Ami, njoo ukae. Humu mna msikiti, na sheikh pia yumo.” Tuliketi kwa nia ya kuchunguza wanachokitazama watoto, dakika tano tu, kisha tuondoke. Tulikaa hadi mwisho.

Tamthilia hiyo inaitwa Ms. Marvel. Ilianza kuonyeshwa mwezi wa Juni 2022 na ina sehemu 6. Ni miongoni mwa hadithi za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida zitolewazo na kampuni ya Marvel ya Marekani, wale ambao watoto wetu wanawajua kwa majina kuliko wanavyowajua majirani. Shujaa wa hadithi hii ni Kamala Khan, msichana wa shule, wa familia ya Kipakistani inayoishi Jersey City, mji unaotazamana na New York, mto ukiwa katikati. Kamala alianza katika vitabu vya katuni, na mwaka 2014 akapewa kitabu kilichobeba jina lake. Miongoni mwa waliombuni ni Sana Amanat, mhariri Mwislamu aliyelelewa huko huko New Jersey, na G. Willow Wilson, mwandishi Mmarekani aliyesilimu. Mwigizaji wake, Iman Vellani, alizaliwa Karachi na kukulia Kanada.

Tumeyataja haya kwa sababu yanaonekana ndani ya hadithi. Tumeshaona filamu nyingi ambamo Mwislamu huja na bunduki au huja na machozi, na msikiti huonyeshwa kwa mbali huku ngoma za kutisha zikipigwa. Hapa msikiti ni mahali ambapo watu huchelewa, hunong'onezana, husengenyana, huswali na kula. Aliyeandika amewahi kukaa chini kwenye busati.

Nguvu za Kamala zilijitokeza alipovaa bangili kuukuu iliyokuwa ya bibi wa mama yake. Akiinua mkono, nuru hujikusanya na kuwa ngumu kama jiwe, hata akaweza kuikanyaga angani mfano wa ngazi. Sehemu tuliyoiona sisi ni ya pili, na ni sehemu ya mzaha zaidi kuliko vita. Kamala anajifunza kutumia nguvu zake juu ya paa, na kila mara anaanguka. Anashikwa na haya mbele ya mvulana mgeni shuleni. Kisha inafika Iddi, na msikiti unajaa watu, vyakula na akina shangazi waliojigawa makundi makundi, kila kundi na habari zake za kunong'ona. Hapo mama wa watoto wetu aliwataja watu watatu wa mtaani anaowafananisha na wale akina shangazi. Majina hayo hatutayaandika.

Lakini kilichotuvunja mbavu ni viatu. Kamala ana rafiki yake, Nakia, msichana wa hijabu mwenye ulimi mkali. Nakia anatoka kuswali na kukuta viatu vyake vya bei vimechukuliwa mlangoni. Ukumbi mzima uliangua kicheko, nasi tukiwemo. Ni nani katika pwani yetu ambaye hajawahi kurudi nyumbani peku? Sisi tuliwahi kuingia msikitini siku ya Ijumaa na makubadhi mapya ya ngozi, tukatoka na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Kujua kwamba hata Marekani mwizi wa viatu hana haya na nyumba ya Mwenyezi Mungu kulitupa faraja ya ajabu.

Kabla ya viatu, hata hivyo, palikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililotufikisha kuandika. Kamala na Nakia wamekaa upande wa wanawake. Upande huo umechakaa, na mbele yao pana kizuizi kinachowatenga na imamu. Wasichana wananong'ona. Sheikh anawasikia, anasimamisha mawaidha yake na kuwaonya. Wao wanamjibu kwa adabu yenye uchungu ndani yake, kwa maana ya kwamba: Sheikh, ni vigumu kutulia na kusikiliza ikiwa hatukuoni.

Watoto walicheka. Nasi tulicheka, kwa sababu onyo lile la sheikh ni letu, tumelitoa mara nyingi, kwa maneno karibu yale yale, tukigeuzia uso upande wa pazia: “Akina mama, tupunguze mazungumzo.” Ndipo binti yetu wa miaka 14 aliposema, bila kejeli, kama mtu anayetaja hali ya hewa, “Baba, kwetu hata kusikia hatusikii.”

Tulimtazama mama yake ili amsahihishe. Hakumsahihisha. Alikuwa akichambua mchele wa kesho, na mikono yake haikusimama. “Ile spika ya upande wetu imekufa,” akasema. “Huu ni mwaka wa tatu.”

Tukauliza kwa nini hatukuambiwa. Akajibu, “Nilidhani mnajua.”

Tulimaliza kuitazama ile sehemu, lakini hatukucheka tena. Kulikuwa na jambo lililotuchoma zaidi ya spika. Ramadhani iliyopita mama wa watoto wetu hakuja tarawehe hata usiku mmoja. Tulidhani ni kazi za futari na daku, au kwamba amependelea swala ya nyumbani kwa ajili ya fadhila yake. Tukaona fahari. Usiku mmoja katika kumi la kati tulisimama mbele ya watu tukawasifu wanawake wanaoipenda swala ya majumbani mwao, na tukadokeza, pasipo kutaja jina, kwamba mfano wa hilo tunao nyumbani. Kumbe aliacha kuja kwa sababu alikuwa akiswali nyuma ya imamu asiyemsikia, akirukuu kwa kukisia na kusujudu kwa kumwangalia jirani yake. Na sifa zile hakuzisikia yeye wala mwanamke mwenzake yeyote aliyekuwa nyuma ya pazia.

Siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, watu walipotawanyika, tulimwomba mwadhini wetu asimame mahali petu, ashike kipaza sauti, asome chochote kwa sauti ile ile tunayoitumia sisi. Kisha tukazunguka nyuma kwenda upande wa wanawake. Tumekuwa imamu wa msikiti ule kwa miaka 12. Kutoka mihrabuni hadi mlango ule ni hatua zisizofika hamsini. Hatukuwahi kuingia. Tulijiambia kila siku kwamba ni adabu, pale ni pahali pa wake za watu na mabinti za watu, na adabu ni kweli. Lakini msikiti hukaa mitupu saa nyingi za mchana, na adabu haikutuzuia kuingia saa hizo. Kilichotuzuia ni kwamba hatukuwahi kufikiria.

Njia yake ni kichochoro kinachopita kando ya vyoo. Mlango huvutwa kwa kamba, kitasa hakina. Ndani tulikuta jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani, mifuko miwili ya saruji iliyobaki tangu ukarabati wa mnara, na feni isiyo na panga. Taa ilikuwa moja, nayo imeungua. Bomba la kutawadhia halikuwa na mkono wa kufungulia, na mtu mwenye busara alikuwa ameacha koleo pembeni yake. Kwenye rafu kulikuwa na misahafu minne, mmoja umeliwa na mchwa hadi Suratul Kahf. Tuliketi katikati na kumsikiliza mwadhini. Tulijua anasoma, kwa kuwa tulimwagiza asome. Kama hatungalijua, tungalidhani ni mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Tuliswali rakaa mbili pale. Busati lilinuka unyevu.

Sasa tuseme tunalolijua katika dini, maana huenda yuko msomaji atakayesema kwamba sheikh amefundishwa fiqhi na katuni.

Katika madhehebu yetu ya Shafii swala ya Ijumaa si wajibu kwa mwanamke, na zimepokewa hadithi kwamba swala yake nyumbani ni bora kwake. Wanavyuoni wamezungumza kwa urefu kuhusu sitara, manukato na hofu ya fitna. Hayo hatuyapingi, na hatukuja kumwambia mama yeyote kwamba asipokwenda msikitini amepungukiwa. Lakini ubora wa nyumbani haukuwahi kuwa sababu ya kuufanya msikiti usikalike. Yule yule aliyetufundisha fadhila hiyo, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), amekataza katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba waja wa Mwenyezi Mungu wa kike wazuiwe misikiti Yake. Mwanamke amepewa hiari. Naye akimpa mtu hiari ya kuingia chumba chenye giza, koleo na jeneza, amempa hiari gani?

Imepokewa kwamba mke mmoja wa Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akihudhuria swala ya Alfajiri na ya Isha msikitini. Aliulizwa kwa nini anatoka hali anajua kwamba Umar hapendezwi. Akauliza yeye: basi ni kitu gani kinachomzuia asinikataze? Akajibiwa kwamba kinachomzuia ni lile katazo la Mtume. Umar, ambaye majeshi yalimwogopa, aliumeza moyo wake mbele ya neno hilo.

Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akianza swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kuchelea kumtia mamake mashakani. Hadithi hii tumeisomesha pengine mara mia, na kila mara tumeisomesha kwa ajili ya huruma iliyomo. Baada ya siku ile tuliiona kwa jicho jingine. Ili imamu asikie kilio cha mtoto, lazima mama yake awe karibu. Sauti ilikuwa ikienda na kurudi. Wao wakimsikia, naye akiwasikia.

Na hadithi ambayo hatujaweza kuiondoa akilini ni ya siku ya Iddi. Iddi ile ya enzi yake wanawake waliamrishwa watoke, mpaka wasichana waliokuwa wakiwekwa ndani, na hata wale walio katika ada zao za mwezi, ambao hawaswali, watoke washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Ameipokea Ummu Atiyya (R.A.). Na amepokea Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume alipomaliza khutuba alihisi kuwa hakuwasikilizisha wanawake. Hakuwatuma watu wawanyamazishe. Aliondoka mahali pake, akaenda hadi walipo akiwa na Bilal, akawapa mawaidha yao na kuwahimiza sadaka, nao wakawa wanavua herini na pete zao na kuzitia katika nguo ya Bilal.

Yeye alihisi tu kwamba pengine hawakusikia, akaenda kwa miguu yake. Sisi tulikaa miaka mitatu.

Baada ya hapo tulimwomba mama wa watoto wetu awaulize wenzake, kwa kuwa wangemwambia yeye wasiyotuambia sisi. Alikusanya maneno kwa wiki mbili. Mama mmoja, muuza samaki, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka lango letu, huswali Adhuhuri nyuma ya meza hiyo juu ya katoni, kwa kuwa akiingia ndani hapati maji ya kutawadha bila kupigana na koleo. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alisema huko masomoni anakuta chumba cha swala chenye zulia na taa, na akirudi nyumbani, mji wa Waislamu, anakuta saruji. Mjane mmoja alisema alikuja siku ya tatu baada ya mazishi ya mumewe kutafuta utulivu, akakaa pale akilitazama jeneza lililombeba. Hakurudi tena. Tulijua kwamba ameacha kuja, na tulidhani yumo katika eda.

Katika ile tamthilia, Nakia hakuishia kwenye malalamiko. Kamala alimshauri agombee nafasi katika kamati ya msikiti, naye siku ya Iddi akapita kundi kwa kundi akiomba kura. Ilipendeza kuona kwamba hakumfanya sheikh kuwa adui. Sheikh yule, Abdullah, ni mtu mpole na mcheshi. Kosa lake ni kwamba kutoka alipokaa haonekani na haoni. Na siku hiyo hiyo ya Iddi kijana mmoja aliyeparamia juu ya msikiti apige picha alipoteleza na kuning'inia, aliyepanda hewani kumwokoa alikuwa Kamala, mmoja wa wale waliokuwa nyuma ya kizuizi. Alimwangusha kidogo mwishoni, maana bado alikuwa anajifunza, lakini kijana alipona.

Sisi tuliipeleka kadhia kwa kamati yetu. Wajumbe ni 7, wote wanaume, wote watu wema tunaowapenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mmoja alisema fedha zilizopo ni za rangi ya mnara. Mwingine aliuliza swali lililotunyamazisha: “Wakisikia vizuri watakuja wengi, tutawaweka wapi?” Hatukubishana. Tuliwaomba waje wakakae kule dakika kumi, saa ambayo hakuna watu. Wanne walikuja. Watatu hawakuja. Mmoja wa wale wanne, mzee aliyetutangulia kwa umri na kwa elimu, alitoka bila kusema neno, akawaita vijana wawili walitoe jeneza na kulitafutia mahali pake.

Kuhusu spika, tulidhani ni jambo la gharama. Binti mmoja wa mtaani anayesomea umeme katika chuo cha ufundi alikuja na bisibisi yake, akapanda ngazi, akashuka baada ya muda mfupi. Waya ulikuwa umetafunwa na panya. Pamoja na waya mpya na taa mbili, haikufika shilingi 2,000. Akina mama walichanga wenyewe kabla mwekahazina hajafungua daftari.

Hatupendi kumaliza kana kwamba kila kitu kimekaa sawa, maana hakijakaa. Ukuta wa mbao bado upo, na wanawake wenyewe wamegawanyika. Wako wanaotaka uwekwe wa mbao zenye matundu, wa kuona mbele bila kuonekana, kama madirisha ya nyumba za kale. Wako wasiotaka uguswe, kwa sababu nyuma yake hufunua nyuso zao, hunyonyesha na kupumzika. Pande zote mbili zina haki, na watakaolimaliza ni wao. Tumependekeza akina mama wawili wahudhurie mikutano ya kamati. Jambo hilo limeahirishwa mara mbili. Rai yetu tumeitoa mbele ya wajumbe, nasi twaiandika hapa: hatuoni katika sheria kizuizi cha mwanamke kutoa shauri katika mambo ya msikiti anaouswalia, kwa stara na heshima.

Kuhusu tamthilia yenyewe tunao wajibu wa kutahadharisha. Hatusemi kwamba yaliyomo yote ni ya kuigwa. Kamala huwaficha wazazi wake mambo mengi. Yumo mvulana, ipo sherehe ya usiku ya wavulana na wasichana, na sehemu zinazofuata zinaleta habari za majini kwa namna ambayo si itikadi yetu, ila ni mchezo wa watunzi. Mzazi akae na mwanawe, atazame naye, wazungumze. Angalikuwa binti yetu ametazama peke yake chumbani, mlango umefungwa, lile neno lake asingelitwambia.

Na umo pia wakati mmoja wa utulivu katika sehemu hiyo ambao hatukuutarajia. Nakia anamweleza rafiki yake kwa nini anavaa hijabu: kwamba maisha yake yote wapo waliomwona mweupe mno na wapo waliomwona mgeni mno, na alipojistiri ndipo alipojiona yeye ni yeye. Watoto wetu wa hapa walipita juu ya maneno hayo haraka, kwa kuwa hapa hijabu ni kama hewa. Mgeni wetu wa Toronto alirudisha nyuma akayasikiliza mara ya pili, na hakuna aliyemwambia aendelee mbele.

Basi kwa kila msomaji tuna ombi dogo. Wewe mwanamume, imamu au mjumbe wa kamati, au mume tu, nenda ukakae mahali wanaposwali wanawake wa msikiti wako saa ambayo hapana mtu, na umwombe mwenzako asome kutoka mbele. Usiulize kwanza, kaa usikilize. Nawe mama, usidhani kwamba tunajua. Pengine hatujui. Tuambieni kwa midomo yenu au kwa midomo ya watoto, tuambieni hata kama mtatuudhi, kabla haujapita mwaka wa tatu.

Alhamisi iliyopita palikuwa na darsa baada ya Magharibi. Mama wa watoto wetu alikuja, binti yetu naye, na mgeni wetu, ambaye kesho yake alikuwa anasafiri. Tulifundisha hadithi ya siku ya Iddi, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka upande wowote. Tuliporudi nyumbani tuliuliza kama spika inasikika. Mama wa watoto wetu akasema inasikika vizuri kabisa, na kwamba darsa lilikuwa refu mno, na kwamba ile nukta ya pili tuliirudia mara tatu.

Mwenyezi Mungu azipokee swala za wanawake wetu zilizoswaliwa kwa kukisia, atusamehe sisi tuliokuwa mbele tusiyajue ya nyuma, na aijaalie misikiti yetu iwe nyumba za wote wanaomtaja.

Wabillahi tawfiq.